Kumuuguza mzazi siku 40 za mwanzo: mwongozo kamili kwa anayekwenda kusaidia

Mgeni anaingia, anampakata mtoto, na mama aliyejifungua juzi anainuka kwenda kumchemshia chai. Uuguzi huharibika hapo. Wiki ya kwanza nakawere (mama aliyetoka kujifungua) ana kazi mbili tu, kunyonyesha na kulala. Kazi zote zilizobaki ni zako wewe uliyekuja, uwe mama mkwe, dada, ssenga (shangazi) au mume mwenyewe. Kosa la pili ni macho yote kuelekea kwa mtoto, mama anavuja damu kitandani na hakuna aliyeuliza.

## Vitu vya kuandaa

Mama Kit, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia wa hapa Uganda, iwe ya kupewa kituoni au ya kununua, karibu yote huishia chumba cha kujifungulia. Usiitegemee nyumbani. Kabla hajatoka wodini hakikisha kuna:

- Pedi kubwa za uzazi pakiti 3 au 4, au vitambaa safi vya pamba 12 vilivyofuliwa na kuanikwa juani. Vipande vya godoro na matambara yaliyokuwa yamefungiwa kwenye gunia havifai.
- Nepi za kitambaa 20 hivi. Msimu wa mvua ongeza, hazikauki.
- Beseni 3 za rangi tofauti: la mama kukalia, la kumwogeshea mtoto, la kufulia. Zikifanana zitachanganywa.
- Jerikeni 2 za maji za lita 20, thermosi, sabuni ya mche, na sabuni moja laini ya mtoto isiyo na manukato makali.
- Kipimajoto cha dijitali. Kama pesa inatosha kitu kimoja kati ya hiki na poda ya mtoto, acha poda.
- Neti yenye dawa inayowatosha mama na mtoto, kofia, soksi, blanketi 2 na leso 3.
- Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, paracetamol, na dawa zote za hospitali zikiwa na maelekezo yake.
- Kikombe kidogo cha kunyweshea maziwa yaliyokamuliwa. Chupa ya kunyonyea usinunue, kusafisha chuchu yake vizuri kwa maji ya jerikeni ni kazi isiyoisha.
- Kitabu cha kliniki, kadi ya chanjo, nauli iliyotengwa, na namba mbili za simu: ya boda unayemwamini na ya mwenye gari. Nauli hii haiguswi hata sukari ikiisha.

## 1. Usikimbilie kutoka wodini

Kwa aliyejifungua kawaida, saa 24 za kwanza akae kituoni. Damu nyingi inayoua hutoka muda huo, na dawa ya kuizuia iko kwa mkunga. Waliopasuliwa hukaa siku zaidi.

Kabla ya kuondoka muulize mkunga: presha yake leo ni ngapi? Ana nyuzi? Mtoto amepata chanjo ya BCG na matone ya polio? Uzito wake umeandikwa? Amekojoa na kunya? Mtoto ambaye hajanya ndani ya saa 24 aonwe na mkunga kabla ya kufungasha.

Mama anayetumia dawa za VVU atoke na dawa zake pamoja na sharubati ya nevirapine ya mtoto. Jambo hili ni lake kukuambia au kutokukuambia. Ukikuta chupa ya dawa, kazi yako ni kukumbusha saa, si kuhoji.

## 2. Angalia damu kila siku

Siku 3 au 4 za kwanza damu ni nyekundu, kama hedhi nzito. Halafu hugeuka rangi ya waridi na kahawia mpaka kama siku ya 10, kisha majimaji meupe au ya manjano ambayo huweza kuendelea hadi wiki ya 6. Ikiongezeka kidogo anaponyonyesha au anapoinuka asubuhi, si tatizo. Ikirudi nyekundu baada ya kukauka, mara nyingi amefanya kazi kupita kiasi. Mlaze, na isipopungua mpeleke.

Mfundishe kuugusa mji wa mimba. Alale chali, akunje magoti, aweke kiganja chini ya kitovu na kubonyeza taratibu. Siku ya kwanza atakuta kitu cha duara, kigumu, usawa wa kitovu. Kila siku hushuka kama upana wa kidole, na kufikia wiki ya pili hakigusiki tena. Mji ukiwa laini kama unga uliozidi maji, haujabana, na usipobana mishipa inaendelea kumwaga damu. Akojoe kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia kubana. Kisha ausugue kwa mzunguko mpaka uwe mgumu, na mtoto awekwe kwenye ziwa. Aliyepasuliwa asisuguliwe tumbo nyumbani.

Ondokeni mara moja, usiku au mchana, mkiona lolote kati ya haya:

- Pedi inalowa yote ndani ya saa moja au chini yake.
- Bonge la damu kubwa kuliko yai.
- Kizunguzungu, jasho baridi, moyo kwenda mbio.
- Harufu ya uozo, au homa ya 38°C na zaidi.
- Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, au degedege. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kifua kuuma, au pumzi kukata.

Anayevuja damu asafiri amelala, kwa hiyo gari ni bora kuliko boda. Ikiwa boda ndiyo iliyopo, mtu mzima akae nyuma yake amshike. Mtoto aende naye.

Pedi ibadilishwe kila saa 4 hata kama haijajaa. Ukeni hakuingizwi kitu: si chumvi, si mitishamba, si kitambaa. Maumivu ya tumbo wakati wa kunyonyesha ni mji unaobana, na huuma zaidi kwa uzazi wa pili na kuendelea. Vidonge 2 vya paracetamol ya miligramu 500 vinatosha, arudie baada ya saa 6 akihitaji, visizidi 8 kwa siku.

## 3. Maji ya moto yasimuunguze

Karibu kila jjajja (bibi) anataka kukanda. Mwachie akande mgongo, mabega na nyayo, mzazi atashukuru. Kigimbi kilichovimba kisikandwe, bonge la damu ndani yake linaweza kung'oka na kupanda kwenye mapafu. Na tumbo lisibonyezwe kwa taulo la maji yanayochemka. Hakuna damu chafu ya kusukumwa nje kwa moto. Matokeo yake ni ngozi kubabuka na nyuzi kufumuka.

Aliyeshonwa chini, saa 24 za kwanza kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Baada ya hapo akalie beseni la maji ya uvuguvugu, yaliyochemshwa yakapoa, dakika 10 hadi 15, mara 2 kwa siku na kila baada ya choo kikubwa. Kiwiko chako kikivumilia bila kushtuka, maji yako sawa. Usitie dawa ya kuulia vijidudu, inachoma na kukausha kidonda. Chumvi haina ubaya wala si lazima. Ajifute kwa kugusagusa, mbele kwenda nyuma.

Kidonda cha kupasuliwa kikae wazi na kikavu baada ya bandeji kutolewa hospitalini. Ile tabia ya kufungua kapsuli ya dawa na kunyunyizia ungaunga wake juu ya kidonda iacheni: haiui vijidudu vya chini, inatengeneza ganda la kuvifunika. Wekundu unaosambaa, usaha au mshono kuachia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wiki 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Jerikeni la lita 20 lina kilo 20, kwa hiyo jibu ni hapana.

Choo cha kwanza huogopesha. Maji, papai na mboga humsaidia, na pedi safi iliyoshikiliwa kwenye mshono humwondolea hofu. Kutembea polepole chumbani kuanzia siku ya kwanza huzuia damu kuganda miguuni.

## 4. Kunyonyesha: hapa ndipo wengi hukwama

Mkalishe ameegemea, mto chini ya mkono. Mgeuze mtoto mwili mzima, tumbo lake liguse tumbo la mama. Asigeuzwe shingo peke yake, maana hata wewe humezi vizuri ukiwa umetazama begani. Pua yake ielekee chuchu.

Sasa mama aguse mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu, halafu asubiri. Wengi huharakisha hapa: mdomo umefunguka nusu, chuchu inasukumwa ndani. Subirini afungue kama anayepiga miayo, kisha mlete mtoto kwenye ziwa kwa mkupuo mmoja, kidevu kikitangulia. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye ziwa.

Tazama upande. Kidevu kimezama kwenye ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mashavu yamejaa. Sikiliza: anavuta mara kadhaa, anameza, anapumzika. Ukisikia ulimi ukialika "tk, tk" au mashavu yakibonyea, ameshika chuchu tupu. Mama asivumilie. Aingize kidole kidogo safi kwenye pembe ya mdomo, mtoto aachie, aanze upya. Chuchu ikitoka imebonyea kama ncha ya kalamu, mkao bado una kasoro. Chuchu zilizochanika hutokana na mkao huu, si ukali wa mtoto.

Kinachofuata ni kilio cha siku ya pili: "maziwa hayatoki". Yanatoka. Yale mazito ya manjano, dang'a, hutoka kidogo kwa sababu siku ya kwanza tumbo la mtoto linapokea kama kijiko kimoja cha chai kwa mkupuo. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, kwa aliyepasuliwa huweza kuchelewa kidogo. Ukimpa mtoto glukosi, maji au chai ya rangi "akisubiri", atashiba maji, atanyonya kidogo, na ziwa linalonyonywa kidogo hutengeneza kidogo. Mnakuwa mmejitengenezea tatizo mlilokuwa mnaliogopa. Kwa miezi 6 ni maziwa ya mama tu, pamoja na dawa alizoandikiwa.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Wiki ya kwanza akilala zaidi ya saa 3 mwamshe.

Kama anashiba au hashibi, hesabu nepi, kilio kinadanganya. Siku ya kwanza mkojo mara 1, ya pili 2, ya tatu 3, kuanzia siku ya 5 mara 6 au zaidi. Kinyesi huanza cheusi cha kunata, kinakuwa kijani, na kufikia siku ya 5 ni cha manjano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo na kurudi ulivyokuwa kufikia siku ya 14. Nepi zikiwa chini ya hapo, mtoto na mama waende kituoni waangaliwe mkao wa kunyonya na uzito kabla hamjafikiria maziwa ya kopo.

Matiti yakijaa na kuwa magumu kama fenesi bichi, mtoto hashiki. Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika chache, mama akamue kidogo mpaka weusi wa titi ulainike, ndipo anyonyeshe. Baada ya hapo kitambaa baridi. Asikamue mpaka ziwa liishe, litajaa upya kwa kasi. Sehemu nyekundu, ya moto, yenye kuuma pamoja na homa ni maambukizi: aendelee kunyonyesha na aonwe siku hiyo. Anayeishi na VVU amuulize mhudumu kwanza kuhusu ziwa hilo linaloumwa, lile zima aendelee nalo.

## 5. Mtoto: joto, kitovu, kuoga, kulala

Asioge saa 24 za kwanza. Joto lake linatakiwa kuwa 36.5 hadi 37.5°C, na mtoto mchanga hupoa haraka. Miguu ikiwa baridi, mvue nguo, mbakishe nepi na kofia, mlaze kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili kwa leso na blanketi. Baba pia anaweza. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 akae hivi muda mwingi iwezekanavyo, na sigiri isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu ya makaa huua bila harufu.

Kitovu hakitaki kitu. Si majivu, si mate, si poda, si samadi ya ng'ombe. Pepopunda huingilia hapo. Kama kituoni mmepewa jeli ya klorheksidini, itumike kitovuni tu kama mlivyoelekezwa. Imewahi kupakwa machoni kwa kudhaniwa dawa ya macho na kuharibu macho, hivyo isikae rafu moja na dawa ya macho. Funga nepi chini ya kitovu, kibaki nje na kikavu. Wengi wanaogopa kikidondokea sehemu za siri mtoto wa kiume atakuwa hanithi. Hilo halina ukweli, lakini nepi iliyokunjwa hivi inamaliza ubishi, kwani kitovu hakiwezi kuangukia huko. Hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Wekundu ukisambaa kwenye ngozi ya tumbo, au usaha, twende kituoni.

Kyogero, kumwogesha mtoto kwa maji ya mitishamba, ni sherehe ya familia na hakuna haja ya kupigana na bibi. Weka masharti matatu: kitovu kiwe kimeanguka na kukauka, maji yawe ya uvuguvugu na yaliyochemshwa, na mtoto asinyweshwe hata tone. Figo na ini lake haviwezi mitishamba.

Alale chali, bila mto, ndani ya neti.

Mtoto akiumwa, mtu atasema ana *ebinyo*, meno ya uongo, na yang'olewe. Ile alama nyeupe kwenye ufizi ni jino la kawaida linalosubiri zamu yake. Kuling'oa kwa spoku ya baiskeli au msumari huleta damu, pepopunda na maambukizi ya VVU, na ugonjwa wenyewe, mara nyingi malaria, kuhara au nimonia, unabaki bila kutibiwa. Mpeleke kituoni mara moja ukiona:

- Hanyonyi, au amelegea na haamki.
- Joto zaidi ya 37.5°C bila kufunikwa kupita kiasi, au chini ya 35.5°C.
- Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Hesabu dakika nzima, akiwa ametulia. Au kifua kinabonyea.
- Degedege.
- Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au siku yoyote ukifika viganjani na nyayoni. Kumwanika juani si tiba ya umanjano huo.
- Macho yanayotoa usaha.

## 6. Chakula

Uji wa wimbi wenye maziwa au karanga asubuhi ni mzuri, lakini uji peke yake kutwa nzima haumrudishii damu. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharage, mukene (dagaa), yai, nyama au binyebwa (mchuzi wa karanga) juu ya matoke au posho (ugali), pamoja na dodo (mchicha) na tunda. Mukene uliosagwa hukaa vizuri kwenye mchuzi na ni nafuu kuliko nyama. Chai inywewe saa moja mbali na mlo na vidonge vya damu, maana huzuia madini ya chuma. Hakuna chakula chenye mwiko kwa nakawere, iwe mayai au kuku. Kikombe cha maji kiwe mkononi mwake kila anaponyonyesha.

## 7. Akili yake

Kulia ovyo siku ya 3 hadi ya 10 ni kawaida, hupita kwa usingizi na kusikilizwa. Mchukue mtoto baada ya kunyonya, mama alale saa 3 mfululizo, uone tofauti. Huzuni ikipita wiki 2, hali chakula, hamtazami mtoto au anasema afadhali afe, aonwe na mhudumu.

Asipolala usiku kadhaa ingawa mtoto amelala, akasikia sauti, akaanza kusema mtoto si wake, hiyo ndiyo hali ambayo Buganda huitwa *amakiro* na mama kusingiziwa kwamba alitoka nje ya ndoa. Ni ugonjwa wa akili wa baada ya uzazi, na hutibika. Msimhoji, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja.

## 8. Tarehe za kurudi

Siku ya 6 na wiki ya 6, mama na mtoto wote waonwe. VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji anaweza kuwakumbusha. Wiki ya 6, 10 na 14 ni chanjo, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa damu kufikia wiki ya 6. Kwenye wilaya zenye malaria nyingi, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 huanza mtoto akiwa na miezi 6.

Uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya wiki ya 6, siyo baada ya hedhi kurudi, maana yai hutangulia hedhi. Kunyonyesha kunazuia mimba tu ikiwa mtoto hali kingine chochote, hedhi haijarudi, na hajafika miezi 6. Kijiti kinaweza kuwekwa mapema hata kwa anayenyonyesha.

Mwajiriwa ana siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, na mume siku 4. Siku 4 ni chache, mume azitumie kuteka maji, kufua na kwenda sokoni, wageni watasalimia baadaye.

## 9. Kabla ya wewe kuondoka

Usifunge mzigo wako kimya kimya. Siku mbili kabla, mwambie mume afanye kazi zako zote wewe ukiwa umekaa: achemshe maji, apime joto la mtoto, afue nepi, apike mukene. Atakapokosea mwelekeze hapo hapo. Bandika ukutani ile orodha ya dalili za mama na ya mtoto, namba ya boda na ya mwenye gari juu yake. Jaza thermosi, jaza jerikeni zote mbili. Hesabu nauli ya dharura mbele ya mama mwenyewe, umkabidhi yeye.